Lenzi ya milioni 2.8 kwa mpiga picha wa harusi Mbeya: uzoefu wangu

Simu ilikuja Februari 2023, saa mbili usiku. Aliyepiga ni bi harusi niliyempiga picha Juni iliyotangulia. "Kaka, naomba ile picha ya bibi akifuta machozi kanisani, ila iliyo safi. Bibi ametutoka leo asubuhi huko Tukuyu, tunataka ya kuweka mbele ya jeneza."

Safi sikuwa nayo. Nilikuwa nayo ile ile aliyokwisha kuiona kwenye albamu: bibi amekaa benchi la pili, kitenge begani, mkono umeinuka kwenda jichoni, na mkono wenyewe umevutika kama moshi. Uso umejaa chengachenga. Niliifungua kwenye kompyuta nikasoma maelezo yake: milimita 229 (lenzi imevuta mbali), f/5.6 (upana wa tundu la lenzi), sekunde 1/50 (muda wa shata kuwa wazi), ISO 6400 (kamera inavyokuza mwanga). Kwenye kamera yangu ya Canon 80D, kupandisha ISO zaidi ya hapo kungeongeza chengachenga tu, na lenzi yangu ya 55-250 nayo ilikuwa imefunguka mpaka mwisho. Hakuna kitufe ambacho ningebonyeza jioni ile kikaiokoa picha. Nilimtumia hiyo hiyo, nimeisafisha kadiri nilivyoweza. Alinishukuru, nami usiku ule sikulala vizuri.

Naandika haya kwa sababu kila wiki kijana mmoja au wawili wananiuliza kama Canon EF 70-200mm f/2.8L IS II USM inafaa kununuliwa kwa bei yake. Nimeitumia tangu Septemba 2023. Nitasema nilivyoamua, nilivyoinunua, na mahali ambapo hela yangu naiona na ambapo siioni.

Kwanza jambo la mwanga, maana bila hilo bei yake haieleweki. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kutoka f/5.6 kwenda f/2.8 ni hatua mbili, na kila hatua inazidisha mwanga mara mbili, kwa hiyo lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya ile yangu ya zamani ikiwa imevutwa mbali. Kwa picha ya bibi maana yake ni kwamba, kwa ISO ile ile 6400, ningepiga kwa 1/200 badala ya 1/50. Mkono wa mtu anayefuta machozi unatulia kwa 1/200. Kwa 1/50 hautulii.

Hapa wengi wananijibu kwamba hata 55-250 ina IS, ile mitambo ya ndani inayozuia mtikisiko, kwa hiyo shida iko wapi? Shida ni kwamba IS inatuliza mkono wako wewe unayepiga. Anayepigwa haimgusi. Canon wanasema IS ya hii 70-200 inafidia hadi hatua nne, na kweli nimepiga altare tupu kwa 1/20 nikiwa nimeishikilia mkononi, ikatoka kali. Lakini bi harusi anageuka, mtoto wa maua anakimbia, kwaya inacheza. Hao wanahitaji kasi ya shata, na kasi inataka mwanga. Kanisani mwanga wa flashi hatuachiwi wakati wa ibada, wala hatuvuki ngazi za madhabahuni. Unasimama mita kumi na kitu, taa za juu ni za njano, na mwezi wa sita Mbeya saa kumi na mbili jioni nje jua linakaribia kuzama na ni baridi.

Baada ya simu ile sikukimbilia kununua. Nilifanya jambo moja ambalo namshauri kila mtu alifanye kabla ya kutoa hata shilingi. Nilifungua albamu zote za mwaka uliopita, nikatazama picha ambazo wateja wenyewe walizichagua kwa ajili ya kuchapishwa, nikasoma kila moja ilipigwa kwa milimita ngapi na ISO ngapi. Ilinichukua jumapili mbili. Nilichokiona kilinishangaza: karibu theluthi ya picha walizozipenda zilipigwa kwa milimita zaidi ya 100, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za ndani. Sikujua. Nilidhani kazi yangu kubwa inafanywa na lenzi fupi. Wateja walikuwa wanachagua nyuso: mama anayemtazama binti yake akivishwa pete, baba anayejikaza asilie. Zilipigwa kutoka mbali, watu hawajui kama wanatazamwa.

Kisha nikakodi. Mwenzangu mmoja wa Mafiati, hapa Mbeya, anayo hii lenzi na alikuwa anaikodisha elfu 50 kwa siku. Nikaichukua kwa sendofu moja, kanisa mara mbili, kicheni pati moja. Kwenye kicheni pati ilinishinda kabisa. Ukumbi ulikuwa mdogo, na kwenye kamera kama 80D, ambayo sensa yake ni ndogo, milimita 70 inaonekana kama 112. Nilijibana ukutani mpaka mgongo ukagusa pazia na bado nilipata kichwa na mabega tu. Kwa hiyo lijue hilo mapema: hii si lenzi ya kufanyia kila kitu. Lazima uwe na fupi mfukoni. Mimi nina ya 18-55 iliyokuja na kamera na ile ndogo ya 50mm f/1.8 STM, yenye uzito wa gramu 160 tu.

Kanisani ilikuwa habari nyingine. Nilisimama pale pale ninaposimama siku zote, nikapiga, nikatazama kioo cha nyuma cha kamera, nikapiga tena. Fokasi inashika papo hapo. Ile ya zamani kwenye giza ilikuwa inatafuta, inaenda mbele, inarudi nyuma, wakati huo pete imeshaingia kidoleni.

Hesabu ya kukodi ndiyo iliyoniamulia. Nilikuwa nafikia kuihitaji mara mbili kwa mwezi, yaani laki moja. Kwa milioni 2 na laki 8, bei niliyoinunulia mwishowe, ni sawa na siku 56 za kukodi, au miezi 28. Miezi 28 ni mingi, lakini lenzi iliyotunzwa haishuki thamani kama mwili wa kamera, na baada ya miezi hiyo bado ni yako. Ukiona unaihitaji chini ya mara moja kwa mwezi, kodi, wala usione aibu. Tatizo la kukodi lilikuwa moja: msimu wa harusi kila mtu anaitaka jumamosi ile ile.

Hela ilitoka wapi? Milioni 1 na laki 8 nilikuwa nimeweka, milioni moja nilikopa kwenye VICOBA yetu. Mke wangu ndiye mtunza hazina wa kikundi, na ndiye aliyenihoji kuliko wote. Aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Hiyo ya f/4 nayo nyeupe, nayo 70-200, bei yake nusu. Kwa nini si hiyo?" Nilimjibu kwa karatasi. Ile EF 70-200mm f/4L isiyo na IS ni nzuri sana kwa mchana, ina gramu 705, chini ya nusu ya uzito wa hii yangu yenye gramu 1,490. Lakini f/4 inapokea nusu ya mwanga wa f/2.8. Pale ambapo kwa f/2.8 napata 1/200, kwa f/4 napata 1/100. Kwa maua na milima ningechukua hiyo bila kufikiri mara mbili. Kwa kanisa, hapana.

Kuna mshindani mwingine ambaye ni haki nimtaje, maana kwa mwenye hela kidogo ndiye ningemshauri: Canon EF 85mm f/1.8 USM. Ilitoka 1992, ni gramu 425, na kwa f/1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8. Haivuti wala haina IS, lakini kwa 80D inaonekana kama milimita 136, na ukijua kusimama mahali pazuri utapata nyuso za kanisani zinazokutosha. Kama mkopo wa VICOBA usingepita, ningenunua hiyo.

Sasa ununuzi. Mbeya sikuipata, nikapanda basi la usiku kwenda Dar. Kutuma hela na kusubiri mzigo kwenye basi ni kawaida yetu, lakini kwa lenzi ya mtumba sitakuja kufanya hivyo. Duka la kwanza Kariakoo walinitolea moja inang'aa, rangi nyeupe haina hata mchubuko, bei milioni 2 na laki 4. Nikavua vifuniko vyake, nikawasha tochi ya simu upande wa nyuma, nikachungulia mbele kwa pembe. Kwenye kioo cha ndani, karibu na ukingo, kulikuwa na kitu kama utando wa buibui mchanga, nyuzi nyembamba zimetawanyika kutoka katikati moja.

"Vumbi tu hilo kaka, linapulizwa linatoka."

"Vumbi halina mizizi, boss."

Akanyamaza, akairudisha kabatini. Ile ni fangasi. Inakula ngozi ya dawa iliyopakwa juu ya kioo, na lenzi hii ina vipande vya vioo 23 katika makundi 19, kimoja kikiwa cha florite. Fundi wa kuifungua na kuirudisha sawasawa hapa kwetu humpati kirahisi. Kilichoniuma ni kwamba muuzaji alijua. Mtu mwingine angeondoka nayo akifurahia punguzo la laki nne.

Ya pili niliipata mtaa wa tatu kutoka pale. Hii ilikuwa na mchubuko kwenye mkono wa kushikia tripodi na mpira wa kukuzia picha umechakaa kidogo, lakini vioo safi. Nilichokagua ni hiki: skurubu za sehemu inayofungwa kwenye kamera hazijakwaruzwa, kwa hiyo haijafunguliwa ovyo, bapa za ndani za kufunga mwanga ni kavu, hazina mafuta, pete zote zinazunguka bila kukwama. Nikaifunga kwenye kamera yangu mwenyewe, nikawasha IS nikasikia ule mlio mdogo wa kuamka, nikapiga picha ya maandishi ya boksi kwa f/2.8 kwa milimita 70, 135 na 200, nikazikuza kwenye kompyuta ndogo niliyoibeba. Herufi kali pembe mpaka pembe. Nikalipa.

Bei hizi za mtumba, kwa wasiojua, zimeshuka kwa sababu. Lenzi hii ilitoka 2010 kwa dola 2,499 huko Marekani. Mwaka 2018 Canon wakatoa toleo la tatu, ambalo vioo vyake ni vile vile na kilichobadilika zaidi ni dawa ya juu ya vioo, na mwaka huo huo wakaanzisha kamera za EOS R zenye mdomo mpya wa kufungia lenzi, RF. Wapiga picha wengi wa nje wakahamia huko, lenzi za mdomo wa zamani, EF, zikaingia sokoni kwa wingi. Kwetu sisi ni neema, maana EF inafanya kazi kwenye kamera za R kwa adapta, kwa hiyo hata nikihama siku moja sitaiacha. Toleo la tatu sikulitaka. Tofauti yake haikustahili nyongeza ya bei niliyotajiwa.

Ubaya wake nimeuishi. Uzito ni wa kweli. Sherehe inayoanza saa nane mchana ikaisha saa sita usiku inakuacha kiwiko kinauma, na mkanda uliokuja na kamera usiuamini kwa mzigo huu. Weka mkanda unaofungwa kwenye mkono wa tripodi. Kina cha fokasi nacho ni chembamba kuliko unavyodhani. Kwa milimita 200, f/2.8, mtu akiwa mita tano, kilicho kali ni sentimita kama sita au saba tu. Mwezi wa kwanza wa kuitumia nilipiga picha ya maharusi wakiwa wamesimama mmoja nyuma kidogo ya mwenzake. Yeye bi harusi anang'aa, bwana amelainika kama yuko ndani ya maji. Picha nzima ya wasimamizi na maharusi ilienda hivyo. Kwa watu wawili sasa naenda f/4, kwa kundi f/5.6 na flashi, na hapo ujue ile f/2.8 niliyoilipia inalala.

Januari 2024 ndiyo ilinionyesha ukweli kamili. Wachumba wawili walitaka picha za kabla ya harusi Kitulo, ile hifadhi tunayoiita Bustani ya Mungu. Tulipitia Isyonje asubuhi, barabara ya tope, ukungu unapanda kutoka bondeni. Msimu ule maua yamefunguka kila upande, na juu kule ni zaidi ya mita 2,600, hewa nyepesi, begi linakuwa zito maradufu. Msaidizi wangu alikuwa na 55-250 yangu ya zamani, mimi na hii nyeupe. Jua lilipotoka tulipiga wote, f/8, kasi ya kutosha, ISO 100. Jioni nikachanganya picha zetu nikawatumia wachumba kwa simu bila kusema ipi ni ya nani. Walichagua nusu kwa nusu. Mimi mwenyewe nilizitofautisha kwa kuzikuza sana tu, kwenye pembe za picha. Kwa mchana mweupe, kwa picha zitakazoishia kwenye simu, yule kijana mwenye lenzi ya gramu 375 hajapungukiwa na kitu, na alipanda mlima anapiga mluzi.

Ila mvua ilipotunyeshea saa nane, mimi niliendelea kupiga kwa dakika kadhaa chini ya mwavuli mdogo, yeye akaifungia yake kwenye mfuko wa plastiki. Lenzi hii ina ule mpira mwekundu... hapana, pete nyekundu ni alama tu ya familia ya L, lenzi za daraja la juu za Canon. Mpira wa kuzuia maji ni mweusi, uko nyuma kwenye mdomo wa kufungia. Unasaidia kwa manyunyu na vumbi. Usiutegemee kwa mvua ya Rungwe.

Na hausaidii kitu kwa mvuke. Hili la Mbeya na Makete na Njombe tulizungumze vizuri, maana maelezo ya wenzetu wa pwani hayaligusi. Julai umepiga maharusi nje kwenye baridi, unaingia ukumbini kwenye watu mia tatu, joto, masinia ya pilau yanatoa moshi. Kioo cha mbele kinapiga ukungu papo hapo, na ukikifuta kinarudi. Sasa naifungia lenzi ndani ya begi nikiwa bado nje, naingia nayo, naiacha humo nusu saa izoee joto ndipo naifungua. Nusu saa hiyo napiga na ya 50. Nyumbani inakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu ambavyo navikausha kila mwezi. Kuna wanaoweka mchele; Kyela iko jirani na mchele tunao, lakini unga wake mweupe siutaki karibu na vioo vyangu.

Je, imerudisha hela? Hakuna mteja aliyewahi kuniongezea bei kwa sababu ya lenzi. Watu wanaiona nyeupe wanadhani natoka televisheni, wananipisha njia, basi. Kilichobadilika ni kazi za kanisani. Wachungaji wawili wananipendekeza kwa maharusi kwa sababu sisogei sogei wakati wa ibada. Napigia nyuma, natulia. Mkopo wa VICOBA niliumaliza kwa miezi tisa. Siwezi kuapa kwamba ni lenzi peke yake iliyolipa.

Mwezi uliopita mtu alinifuata Kabwe akataka niiuze kwa milioni 2 na nusu. Nilikataa, ingawa kwa hesabu ningekuwa nimeitumia karibu bure. Jumamosi iliyofuata nilikuwa na harusi Tukuyu. Bibi wa bwana harusi alikaa benchi la mbele, na mchungaji alipotamka baraka akafumba macho, midomo inatembea. Milimita 200, f/2.8, 1/200, ISO 5000. Kope zinahesabika. Nimeichapisha kwa ukubwa wa A4, haimo kwenye mkataba wao, na wiki hii naipeleka mwenyewe.